Haibridi Mbili na Gauni la Biira

Mimi na mume wangu, Baba Muhindo, tulikuwa tumekubaliana kununua gari. Ubishi ulibaki ni lipi. Muuzaji mmoja hapa Kasese alikuwa na mawili, yote haibridi, yaani ya petroli na umeme pamoja, madogo lakini yameinuka kidogo, yanafaa barabara zetu za milimani. La kwanza linajichaji lenyewe likitembea. La pili lina betri kubwa, na hilo unalichomeka ukutani kama simu. Mimi nilitaka la kwanza. Nafundisha Ibanda, mimi ndiye ningeliendesha kila siku, na umeme wa kwetu nazijua tabia zake. Mwenzangu alitaka la pili.

Ijumaa hiyo tulikuwa na safari ya Bwera kuchukua gauni la mdogo wangu Biira, aliyekuwa anaolewa kesho yake. Muuzaji akatuazima lile la kuchomeka.

Tulitoka asubuhi, betri imejaa. Gari lilikwenda kimya, nikasikia hata magurudumu yakisugua lami. Kikorongo tukaiacha barabara ya Katunguru, tukakata kulia nyuma ya malori ya Kongo. Swala waliokuwa kando ya njia hawakuinua hata vichwa. Nilifurahi, ila sikusema.

"Chaji ikiisha mlimani utashuka usukume," nikamwambia.

"Petroli imo, Mama Muhindo."

"Tutaona."

Bwera tulimkuta Mama Kavira, mshonaji kutoka Butembo, Kongo, amekaa mbele ya cherehani yake ya umeme, mikono mapajani. Gauni lilining'inia ukutani, jeupe, bado halijatiwa mikono.

"Kuran imeenda tangu asubuhi," alisema, akimaanisha umeme. "Na hapa, ikienda, mutu hajue saa yenye itarudia."

Nilikaa kwenye benchi, machozi yako karibu. Biira angeingiaje kanisani?

Baba Muhindo alitoka. Nikaona gari linarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Akafungua buti, akaonyesha soketi iliyomo humo, sawasawa na ya ukutani. "Lete waya, mama."

Cherehani ikanguruma. Majirani wakaja kuangalia, wengine na simu zao za kuchaji. Mkono wa pili ulipokuwa unashonwa, injini ikajiwasha, na Mama Kavira akaruka kitini.

"Yesu! Iko inaamuka yenyewe!"

"Betri imechoka, inasaidiwa," Baba Muhindo akamtuliza.

"Basi isaidiwe. Mutoto wa batu hawezi kuolewa na robe ya nusu," alisema, akiligeuza gauni chini ya sindano.

Mchana tulianza kurudi, gauni limelazwa kiti cha nyuma. Safari hii niliomba usukani. Betri ilikuwa tupu, na kila kilima nilisubiri gari likwame. Halikukwama. Lilipanda kwa petroli, likishuka likajirudishia chaji kidogo, kama lile jingine nililolitaka. Baba Muhindo alikuwa amelala.

Njiani niliwaza. Nilikuwa nimelipima gari hili kwa siku ambayo umeme haupo, nikidhani siku hiyo ndiyo litanitupa. Siku hiyo ilitukuta Bwera, na gari ndilo lililotupatia umeme.

Tulipofika Kasese muuzaji alikuwa amesimama langoni.

"Mmeamua lipi?"

Baba Muhindo aliniangalia.

"Lile jingine litafutie mtu mwingine," nikasema. "Na kama unamjua fundi mzuri wa umeme, mtume kwetu Jumatatu aje atufungie soketi ya nje ya kulichomekea hili."