Mama Mkwe Anafunga kwa Ajili ya Kizazi Changu

Muuguzi aliyenipa majibu hakunizungusha, na kwa hilo namshukuru, maana mtu akianza kunizungusha nakasirika kabla hajafika kwenye neno lenyewe. Alifunga mlango wa chumba chake, akasema ni kansa ya mlango wa kizazi, bado ndogo, iko mwanzoni kabisa. Halafu akauliza mtoto wangu wa mwisho ana umri gani. Nikamwambia ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

"Basi sikiliza vizuri," akasema. "Alhamisi utaonana na daktari wa upasuaji. Atakueleza njia mbili. Anaweza kukata kipande cha mlango tu, kizazi kikabaki, na wewe ukawa unarudi kupimwa bila kuchoka. Ama anatoa kizazi chote. Kwa hali yako zote mbili zinawezekana. Lakini atakuuliza kama unataka kuzaa tena. Usingoje kuanza kulifikiria ukiwa pale kwenye kiti. Njoo na jibu."

Nikatoka nikashika barabara ya kurudi Kamembe, mjini kwetu, upande wa Rwanda. Niliogopa, sitadanganya. Niliwaza kifo, nikawaza nani atawaogesha wanangu. Lakini nilipofika karibu na soko, woga ukiwa bado umenijaa, nikasikia kitu kingine chini yake, na kitu hicho kilikuwa nafuu. Nina kansa, nimeambiwa sasa hivi, na ninatembea katikati ya wauza nyanya nikiwa na nafuu kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umefutwa.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo kabla ya ugonjwa. Sitaki kuzaa tena.

Nina wawili, msichana na mvulana, na ninawapenda. Naandika hivyo kwa sababu najua mtu akisoma ataanza kwa kuuliza hilo. Sikupata shida kubwa kuwazaa. Mume wangu hanipigi. Natafuta sababu ya kumpa mtu, sababu ya kueleweka, siipati. Nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, Kongo, wa kwanza katika nyumba ya watoto wengi, na tangu nikiwa darasa la pili nimekuwa na mtoto wa mtu mgongoni. Nilisoma sekondari nikibembeleza. Mgongo wangu haujawahi kuwa wangu. Sababu ni hiyo tu, na ukiitoa mbele ya watu wa hapa wanakutazama kama umetukana. Hapa mtu akiulizwa anasema Mungu akitujalia, basi, mazungumzo yameisha.

Na tena kuna mama mkwe.

Mume wangu ni mtoto pekee aliyembakia. Wengine wote aliwazika Kongo, katika miaka na barabara ambazo hasimulii. Binti yangu ana jina la shangazi yake aliyekufa. Mwanangu wa kiume ana jina la baba yake mkubwa aliyekufa. Jina la tatu liko tayari. Mama mkwe alikwisha kuniambia, siku ya arobaini ya huyu mdogo, akiwa amemshika mapajani na ananitazama tumboni. Hakusema kwa kunilazimisha. Alisema kama mtu anayekuonyesha kiti ambacho bado hakijakaliwa.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani niliwaambia nusu. Niliwaambia kansa, mwanzoni, upasuaji. Niliwaambia njia mbili, na kwamba daktari atauliza. Nililieleza swali kana kwamba ni la hospitali, halinihusu sana.

"Si utamwambia tunataka?" mume wangu akaniambia, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Bakate ile kipande tu. Njia iko moja, Maman, ile ingine ni ya kutuogopesha."

Alijibu upesi namna hiyo, kama mtu anayeulizwa chai yenye sukari au bila. Ni fundi wa kuchomelea milango, mikono yake ina madoa ya moto mpaka kwenye viwiko, na usiku ule aliilaza juu ya kichwa changu mpaka nikalala. Ningekuwa na mume mbaya ningeandika haya kwa urahisi zaidi.

Mama mkwe yeye hakusema mengi. Alisimama, akafunga kitambaa kichwani vizuri.

"Tangu leo sikule kitu mpaka dokta aseme kizazi inabaki," akasema. "Maji tu."

Ana vidonda vya tumbo. Kila mtu katika nyumba anajua, hata binti yangu huwa anamletea vidonge vyake. Mume wangu akamwambia, "Mama, hapana." Yeye akamjibu, "Nikikuombea wewe ulale mu kichaka na askari bapite, nilikuwa nakula?" Mume wangu akaenda kumchotea maji. Na mimi nikamwacha afunge, jibu nikiwa nalo, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mwizi.

Wiki ile watu walinichosha. Ninafanya kazi katika duka la maziwa, nawapimia watu maziwa ya moto na ya mgando, na habari ilifika pale kabla yangu. Mama mmoja, mteja wa kila asubuhi, akaniegemea mezani akasema kwa sauti ya huruma, "Ile ugonjwa, banasemaka inafuata bamama ba kutembea-tembea. Mie siamini, lakini banasemaka."

"Malizia maziwa yako, Maman," nikamwambia, "halafu na weye uende ukatembee-tembee."

Wenzangu walicheka. Muuguzi alikuwa ameshanieleza kwamba kirusi kinacholeta kansa hii wengi wetu tunacho wakati fulani, hata mwanamke wa mwanaume mmoja. Ningeweza kumweleza yule mama kwa utulivu. Sikutaka utulivu. Ilinifaa kuwa na hasira kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kunisema, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu mwenye haki hiyo, na alikuwa hali chochote.

Jumanne jioni wakaja wanawake wa chumba cha maombi, wanaosali na mama mkwe. Walinikalisha katikati, wakaniwekea mikono, mmoja akaiweka chini ya kitovu akaomba kizazi hiki kilindwe, kibaki, kijazwe. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti karibu na ukuta, midomo imemkauka mpaka ina weupe. Walipofika mwisho wakangoja. Nikasema amina. Nimesema uongo mwingi maishani, wa sokoni, wa shuleni, lakini ule niliusema nimefumba macho.

Kesho yake mume wangu akasema tufanye mazoezi. Anaogopa madaktari. Anasema ukifika pale akili inakimbia, na sisi tuliokulia ng'ambo Kinyarwanda chetu kimepinda, ukichanganyikiwa unaanza kuongea Kiswahili na watu wanakutazama. Akakaa kwenye kigoda, akavaa miwani yake ya kuchomelea.

"Madame, kaa. Ongea haraka, mie niko dokta mukubwa, batu banangoja."

"Dokta gani huyu anavaa miwani ya mavyuma," nikasema.

"Ni ya kuona ndani ya batu. Kaa."

Binti yangu alikuwa anacheka mpaka anajipiga mapaja. Tukaenda hivyo, maswali madogo madogo, mimi najibu, yeye ananisahihisha. Halafu akaondoa ile miwani, akakohoa.

"Sasa, Madame. Unataka batoto bengine?"

"Sema ndiyo, Mama," binti yangu akadakia. "Kasichana. Kadogo."

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, anachambua mboga ambazo hatazila. Mikono yake ikasimama.

"Ndiyo, Dokta," nikasema.

"Bien," mume wangu akasema, akanigonga begani kama mwalimu. Mama mkwe akafumba macho, akamshukuru Mungu taratibu, kwa Kinyarwanda, kisha akaendelea kuchambua.

Jioni ile nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Sombe, kisamvu chetu, ilikuwa inachemka nyuma yake. Alikuwa ameitwanga mwenyewe, kwa ajili yetu. Uso ulikuwa na jasho la baridi, mkono mmoja ameubana chini ya mbavu. Nikaenda nikamletea kikombe cha maziwa ya uvuguvugu.

"Kunywa, Maman."

"Weka. Nitakunywa kesho dokta akisema."

"Utaanguka."

"Nimeanguka mara nyingi. Bado niko."

"Maman, kunywa, nakuomba."

"Mukazana," akasema, ndivyo anavyoniita akitaka nikumbuke kwamba mimi ni mke wa mwanawe, "acha kunisumbua. Mie najua namna ya kufunga kuliko weye namna ya kubembeleza."

Nikachuchumaa mbele yake. Sikuwa nimepanga. Nadhani ni lile jasho.

"Unafunga bure," nikasema. "Mimi sitaki kizazi hiki kibaki."

Akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. Ndani, kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagongagonga.

"Ni ugonjwa inakusemesha."

"Ugonjwa haujui kusema. Ni mimi. Hata ningekuwa mzima sitaki."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu kabla ya huyu mdogo."

"Na ukamuzaa."

"Nikamzaa. Nampenda."

"Sikukuuliza kama unamupenda."

Nikakisogeza kikombe karibu naye. Akaanza kutikisa kichwa polepole.

"Leo mchana umemwambia bwana yako ndiyo. Mbele ya mutoto."

"Nimemwambia."

"Kumbe ulitaka dokta akutolee. Urudi hapa unalia. Mie nikufunge kitambaa, nikupikie uji, nikuambie pole mwanangu, Mungu anajua." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Njo vile ulitaka?"

Ndivyo. Ndivyo hasa, mpaka uji. Nilikuwa nimepanga hata machozi. Kesho, mume wangu akiwa amekwama na Kinyarwanda chake, nilikuwa nitafute dakika moja ya kubaki na daktari peke yangu, nimwambie toa, halafu nitoke na uso wa mtu aliyenyang'anywa. Wangenihurumia maisha yangu yote. Na huyu mama angekwenda kaburini akiamini kwamba maombi yake hayakutosha.

"Ndiyo, Maman," nikasema.

Akachukua kikombe, akanywa yote kwa mkupuo mmoja, ananitazama juu ya ukingo wake.

"Nimekunywa ju tumbo inaniuma," akasema. "Hapana ju yako."

"Nimeelewa."

"Utamwambia bwana yako kabla dokta hajamuuliza. Usinipe mie ile kazi. Mie niko mama yake." Akajishika kwenye mlango, akasimama, akaingia kuangalia sombe. Alipokuwa amenipa mgongo akauliza, "Na ile jina ya tatu?"

Nikaokota kikombe. Mpaka leo sijapata cha kumjibu.

Usiku ule sikumwambia mume wangu. Asubuhi, tukijiandaa, sikumwambia. Alikuwa amepiga pasi shati la kanisani, na tukiwa njiani alikuwa anasema peke yake, midomo inatembea, anapanga maneno. Tulipofika kwenye benchi la hospitali, watu wawili tu wamebaki mbele yetu, ndipo nilipoona kwamba nikingoja tena nitakuwa nimechagua kutosema.

"Papa," nikamwambia mume wangu, "jana nilikudanganya. Sitaki kuzaa tena. Nataka watoe chote."

"Unaogopa, ni kawaida," akasema. "Hata mie naogopa."

"Siogopi hilo. Sitaki. Sikutaka hata kabla ya kansa."

Aliangalia mikono yake. Akaanza kukwangua doa moja jeusi kwenye kidole gumba, kama lingetoka.

"Mama anajua?"

"Tangu jana jioni."

"Kumbe mie njo wa mwisho mu nyumba yangu." Mama mmoja aliyekaa kando yetu akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mume wangu akapunguza sauti. "Bila hii ugonjwa, ungeniambia?"

Hapo ningeweza kumpa kitu kizuri. Alikuwa anakingoja, nilikiona.

"Hapana," nikasema. "Ningekwenda kuchomwa sindano ya kuzuia mimba kwa siri, na wewe ungekuwa unangoja."

Akacheka kidogo, kicheko cha kooni tu, kisha akageuza uso kwenye ukuta. Sikumgusa. Nilihisi sina ruhusa. Tukakaa hivyo mpaka tukaitwa.

Daktari alikuwa kijana, mpole, anachora kizazi kwa kalamu huku anaeleza, hapa tunakata hivi, ama hapa tunatoa hivi. Alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kisha akauliza kama tunataka watoto wengine, na alipouliza alimtazama mume wangu, kama wanavyofanya wote.

Kwa muda nikafikiri atasema ndiyo. Alikuwa na haki ya kusema ndiyo, alikuwa amelifanyia mazoezi.

"Uliza yeye, Dokta," akasema. "Jibu langu limeharibikia pale inje."

Daktari akanigeukia. Nikasema sitaki, na kwamba hata bila ugonjwa nisingetaka, na sauti ilinitoka kali, kama mtu anayegombana sokoni, ingawa hakuna aliyekuwa ananibishia. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika. Akasema basi ni kutoa, akaanza kutafuta siku. Sikujisikia mwepesi hata kidogo. Nilikuwa namfikiria mama mkwe nyumbani, kama amekula.

Akaniuliza kama kuna kitu kingine nataka kujua. Kulikuwa na vingi, lakini nikatikisa tu kichwa. Mume wangu akavuta kiti chake mbele. Akauliza nitaamka na maumivu gani. Akauliza damu ikizidi tukimbilie wapi, nikae muda gani bila kunyanyua mtoto, nile nini, nani anaruhusiwa kulala na mimi hospitalini. Aliyauliza moja moja, akingoja kila jibu liishe, na hakunitazama hata mara moja.