Mtoto wa Watu

Mimi ni mwoga, na sitaki mtu anifariji. Tangu nizae mtoto asiyeongea, woga wangu umepata kazi ya kudumu. Mtoto anayeongea akifinywa atakuja mbio kukushtakia. Wangu ana miaka saba, hatembei, haongei, na akilia sijui kama ameumizwa au uji ulikuwa moto.

Anasoma katika darasa la watoto wenye ulemavu, kwenye shule moja ya msingi hapa Voi. Sisi wazazi ndio tunaomwajiri msaidizi, yule wa kuwalisha, kuwabadilisha nepi na kuwapeleka choo. Wa kwanza alipoolewa akaenda zake Mombasa, tukaletewa msichana kutoka Mwanda, kule juu milimani. Na wacha niseme ukweli, nilimpenda. Mpole, ana sauti nzuri ya kwaya, anawasalimia watoto kabla ya kutusalimia sisi. Alikuja na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, alama za vidole zimechukuliwa na kila kitu, hakina doa.

Kwenye mkutano wa wazazi nikauliza, "Kuna mtu amempigia simu aliyemwajiri kabla yetu?"

Walinicheka. Kwetu mtu haulizwi amefanya nini, anaulizwa ni mtoto wa nani. Na huyu alikuwa mtoto wa watu kweli: baba yake ni mzee wa kanisa, mama yake hakosi kwenye kikundi cha akina mama.

"Wewe mama unapenda kesi sana," baba mmoja akaniambia. "Cheti si hicho? Ama unataka polisi wenyewe wakuje wakuapie?"

Wakapiga makofi. Nikawaambia sawa, chekeni, nitapiga simu mimi mwenyewe kwa kredo yangu.

Siku msichana alipoanza kazi ya majaribio, mimi nilikuwa nimepanda milimani hadi Wusi tangu asubuhi kumwona shangazi yangu, ambaye mguu ulikuwa umemlaza. Nimekaa kwa mlango wake namenya viazi, nikakumbuka ile namba. Msichana mwenyewe ndiye aliyenipa, bila wasiwasi wowote. Ilikuwa ya mama mmoja, jirani yao huko Mwanda, ambaye msichana alikuwa akimwangalilia mtoto wake kiziwi.

Mama akapokea vizuri. "Ni msichana wa jirani," alisema. "Hana neno."

"Na huyo wako, ungemwachia tena?"

Nikasikia kuku, nikasikia mtu akipumua. Halafu simu ikakatwa. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Jamani, kisu kiliniponyoka. Nikampigia mwalimu wa darasa.

"Watoto wanakunywa uji," akasema. "Wako yuko mapajani mwa dada mpya, anacheka. Pumzika, mama."

"Tafadhali, usimwache naye peke yake."

"Kwa nini?"

Nilikata simu. Nilimwachia shangazi viazi vyake nusu vimemenywa, nusu na maganda, nikachukua pikipiki hadi Mwanda, ambako ni karibu kuliko kushuka Voi. Njia nzima niliomba, na maombi yangu yalikuwa neno moja tu: asimguse.

Nyumba niliipata kwa kuuliza, chini ya barabara, kwenye matuta ya kabeji. Mama mwenyewe alikuwa wa rika langu, amevaa gambuti za shambani. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama nyumba ya pili, ile iliyo nyuma ya migomba, kisha akanivuta ndani na kufunga mlango.

"Nani amekuona ukiingia?"

Nikamwambia mimi si polisi, wala si mtu wa serikali, mimi ni mzazi tu. Nikamwambia wangu haongei. Akaketi.

"Yaliisha," alisema.

"Yapi?"

"Yaliisha, mama. Wazee wa pande zote mbili walikaa. Wakaleta mbuzi, tukala pamoja. Ukishakula hutaji tena. Na maji yangu yote yanapitia kwao hapo nyuma ya migomba, wanaweza kuyafunga, unaelewa?"

Nikaelewa. Polisi hawakuitwa. Cheti hakikusema uongo, ni vile tu hakuna aliyekiambia kitu.

Tukiwa hapo, binti yake yule kiziwi akaingia, msichana wa miaka tisa hivi, akanisogelea kuona mgeni. Nilikuwa na simu mkononi, na kwenye kioo kulikuwa na picha ya msaidizi wetu, ile aliyonitumia pamoja na namba. Wallahi sikukusudia. Mtoto aliitazama. Hakulia. Aliketi chini pale pale, akakunja miguu, akavuta sweta kutoka magotini hadi vidole vya miguu na kuishikilia kwa mikono miwili. Mama yake alipiga magoti akijaribu kumfungua vidole polepole, mtoto anakataa. Sweta iliposogea kidogo nikaona kifundo cha mguu. Kulikuwa na kovu limezunguka kote, la kamba.

Mungu wangu. Niliwaza miguu ya binti yangu, ambayo haijui hata kujikunja.

Nikampigia mwalimu tena. Nikaiweka simu spika, nikaiacha juu ya meza. "Mtoe mtoto wangu kwa huyo dada! Watoe wote!"

"Mama, tulia kwanza. Una ushahidi gani? Siwezi kumfukuza mtoto wa watu kwa sababu wewe una wasiwasi. Cheti chake ninacho hapa."

Nilimtazama yule mama. Sikumwomba, haki ya Mungu sikumwomba, lakini kama angenitaka nimshike miguu ningemshika. Alifuta pua kwa leso, akavuta simu karibu.

"Mwalimu, mimi ndiye mama wa mtoto aliyekuwa akimlea. Alikuwa akimfunga kwa kamba kitandani, tangu nitoke kwenda sokoni mpaka nirudi. Mtoto akijikojolea, anamchapa. Nilimkuta mwenyewe kwa macho yangu. Watoe watoto kwake sasa hivi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza sukari dukani. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, na mwalimu akisema, "Dada, hebu nipe huyo mtoto. Nipe tu." Na muda kidogo baadaye nikasikia pumzi ya binti yangu, ile ya kukoroma kidogo, karibu kabisa na simu. Nilikaa chini kwenye sakafu, kando ya yule msichana na sweta yake.

Hapo ndipo mwanaume alipoita kutoka upande wa migomba.

"We mama! Una mgeni?"

Baba yake msaidizi. Yule mama aligeuka kijivu usoni. Mara ya kwanza siku hiyo nilimwona mtu anayeogopa kuliko mimi.

"Ni mtu wa kuuza mbegu!" alijibu kwa nguvu, huku akinifungulia mlango wa nyuma. Akaninong'oneza, "Pita chini, kwa kabeji. Usipite kwao."

"Na wewe je? Na maji?"

"Usinipigie tena," alisema. Halafu akanishika mkono, akaushika kwa nguvu hadi ukauma. "Lakini kule Voi wakiuliza ni nani amesema, waambie ni mimi."

Nilishuka kati ya kabeji nimeinama, naye yule baba bado anaita.