Milioni Moja na Moja

Kabla ya kuja Marekani nilifundisha hisabati Morogoro kwa miaka tisa. Hapa Langley Park hakuna anayeniuliza habari hiyo. Nahudumia wazee majumbani mwao, nabadilisha mashuka, nakumbusha dawa. Nimebaki mwalimu kwa mtu mmoja tu, binti yangu wa miaka kumi na miwili.

Jioni moja nilimkuta mezani na daftari. Mwalimu wao alikuwa amewapa swali: je, 1,000,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Simu na kalkuleta marufuku.

Nilikuwa natoka kazini, mji wa Herndon, miguu imevimba. Nilijua kinachotakiwa: kuigawa kwa kila namba tasa, kuanzia mbili mpaka karibu na elfu moja. Nikaanza. Kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, ikabaki. Nilipofika tisini na saba ikabaki tena, nikaweka kalamu chini.

"Ni tasa," nikasema.

"Umejaribu zote, mama?"

"Zote."

Alinitazama kwa fahari. Nikaipokea fahari ile, nikaenda kuoga.

Kesho yake alirudi akanieleza. Darasani alikuwa amebishana na wenzake wote, yeye akiwa peke yake, akawaambia mama yake ni mwalimu wa hisabati na amejaribu zote. Mwalimu akaandika ubaoni: 101 mara 9,901. Wenzake wakamcheka.

Namba tasa inayofuata baada ya tisini na saba ni mia moja na moja. Nilikuwa nimebakiza hatua moja.

"Labda nilikosea kugawanya," nikamwambia. Huo ukawa uongo wa pili. Alitoa karatasi yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akaniambia kwa Kiingereza, kama afanyavyo akiumia, kwamba hesabu inaishia pale. Kule Morogoro, mwanafunzi aliyedanganya hivyo nilikuwa namsimamisha mbele ya darasa.

Siku ya wazazi kuonana na walimu, mwalimu wake alitabasamu akasema hata yeye hukosea hesabu. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Binti yangu alikuwa kando yangu, anasubiri.

"Sikukosea," nikasema. "Niliishia njiani, nikamwambia nimemaliza. Yeye aliniamini tu."

Mwalimu alipangapanga karatasi zake. Uso ulikuwa unaniwaka.

Ndani ya basi nilimwomba binti yangu radhi.

"Ungesema tu umechoka," akanijibu, safari hii kwa Kiswahili. "Mimi ningeendelea."

Bado ananiletea maswali. Nikishamwandikia jibu, huchukua penseli akapitia mstari mmoja mmoja kabla ya kuliamini. Sijawahi kumkataza. Mimi husimama kwenye sinki, nikasugua sufuria ambayo ilishatakata.