Kejeli ya Kuazima

Lori la magunia likikushusha Chalinze ukitokea Lugoba, usitafute mji. Kuna njia panda, dizeli iliyomwagika, mbuzi wanaolala barabarani kana kwamba wameinunua, na watu ambao karibu wote wanangoja kwenda kwingine. Mwaka ule wa sabini na nne, mmoja asiyengoja kwenda popote alikuwa Ramadhan, fundi wa kuziba mipira ya magari. Naye si wa pale, kwao Bagamoyo. Babu yake, Mnyamwezi, alishuka pwani na pembe ya ndovu begani, akaiona bahari, akasema atakayerudi bara na arudi. Kwa hiyo mbele ya Wazaramo wa Bagamoyo, Ramadhan alizaliwa mtani. Ruhusa ya kuwatukana aliipata kabla ya meno.

Mtani wake mkubwa alikuwa Haji Mosi, Mzaramo, mwimbaji wa roki. Walikua mtaa mmoja, na hakuna santuri ya Haji ambayo Ramadhan hakuwa nayo.

Asubuhi hiyo gazeti lilifika na basi la Dar. Husseni, karani wa ushirika, alilisoma kwa sauti kwenye benchi la Bi Mize, muuza chai, maana nakala ilikuwa moja na masikio mengi.

“‘Mkongwe wa roki azomewa makaburini,’” alisoma.

“Wameanza,” Bi Mize alisema. “Mkongwe! Alipoanza walimwita mhuni wa suruali za kubana. Alipokwenda Nairobi kurekodi, mara akawa kijana wetu, fahari ya taifa. Watu hao wa magazeti hata ngoma ya mdundiko hawajacheza.”

“Mwaka jana walisema sauti yake imekufa,” Husseni aliongeza. “Na mwandishi mwenyewe kamsifu kwa kupuliza tarumbeta. Haji na tarumbeta wapi na wapi?”

Ramadhan alicheka kuliko wote, nyundo mkononi, mpaka Husseni aliposoma mbele:

“‘Katika maziko ya mama wa mwimbaji huyo, shabiki wake wa siku nyingi, Ndugu Ramadhan, fundi wa Chalinze, aliruka kaburini, akajilaza kwenye mwanandani na kupiga kelele: Bibi, sogea umpishe mwanao, sauti yake imekutangulia! Haji Mosi aliondoka bila kutamka neno.’”

Benchi zima liligeuka.

“Huo si ni utani!” Ramadhan alifoka. “Kaburi la Mzaramo asipoliingia Mnyamwezi, aliingie nani? Gazeti zima hakuna mwenye watani?”

“Utani tunaujua,” alisema Husseni. “Mfiwa hutoa kuku, au japo kofia yake, mtani akatoka. Haji alitoa nini?”

Ramadhan aliinamia mpira. Haji hakutoa kitu. Wazee ndio waliomvuta kutoka shimoni, mikono mitupu, na Haji akamtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia. Bagamoyo wazazi wake walishakufa. Mlango aliobakiwa nao wa kuingia bila hodi ulikuwa ule wa Haji.

“Na hilo la sauti kufa,” Bi Mize aliuliza, “ulilitoa wapi?”

“Kila mtu analisema, Bi Mize.”

“Kila mtu ndiye nani? Hilo la gazetini, mwanangu! Mtani hutukana kwa anayoyajua ndani ya nyumba ya mtu. Wewe umempelekea mfiwa maneno ya watu wasiomjua, ukayatapika juu ya mamake. Mwanamume mzima, kejeli ya kuazima!”

Kibaya zaidi, njia nzima ya kwenda mazikoni Ramadhan alikuwa akiisifu akili yake kwa kuipata ile kejeli.

“Mtake radhi basi,” alisema Husseni.

“Kasomea wapi huyu?” Bi Mize akamcheka. “Mtani akiomba radhi, utani ndio umezikwa.”

Ramadhan aliweka nyundo chini. “Khitma bado,” alisema polepole. “Nitaingia mbele ya masheikh wote. Nitawaambia mnayemwita mwimbaji ni mwizi. Gita lake la kwanza alilitia waya wa mamake wa kuanikia nguo. Kanga zote matopeni, na mama akamkurupusha bafuni, akamfukuza mtaa mzima, Haji ana povu la sabuni na hana kikoi, huku anaimba!”

Bi Mize alicheka mpaka chai ikamwagika. “Hiyo ndiyo yake! Na asipotoa kuku?”

“Asipotoa,” Ramadhan alisema, “sina tena wa kumtukana.”

Lori la Mlandizi, njia ya Bagamoyo, lilikuwa linaondoka. Alimwachia Husseni funguo za kisanduku cha vifaa, akapanda juu ya magunia.

“Kwaheri, Bi Mize!”

“Kwaheri! Umtukane vizuri!”

Hakupunga mkono. Mpaka vumbi lilipomfunika, wale wa benchini waliiona midomo yake ikienda, akiyapanga matusi.