Siku Nilipoitwa Mwenye Kokoro

Siku ya kwanza kuripoti kazini kisiwani, Nansio, nilishuka melini nikiwa na suti ya kijivu kutoka Uingereza, na Stashahada yangu ya Uvuvi ikiwa ndani ya bahasha ngumu isije ikakunjika. Wenzangu niliosoma nao walibaki kule kuosha vyombo hotelini. Mimi, mtoto wa mkulima wa pamba wa Buhongwa, nilirudi kwa hiari yangu.

"Shikamoo, bosi," nilimwamkia Afisa Uvuvi wa Wilaya.

"Marahaba. Hiyo suti inajua kuogelea?"

Vijana wa leo hamwezi kujua ziwa lilivyokuwa katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota Mwanza kama uyoga, na kila mwenye shamba la mihogo alitaka kuwa mvuvi. Balaa kubwa lilikuwa kokoro. Huu ni wavu mrefu wenye mfuko katikati. Mtumbwi unauzungusha majini, kisha watu wanauvuta hadi ufukweni kwa kamba mbili, nao unasomba kila kitu, hata vifaranga vya samaki. Sheria iliukataza. Kazi yetu ilikuwa kuukamata.

Sheria yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na neno lililotumika ni "seize". Wengi hulifasiri kuwa ni kukamata, wakaishia hapo. Mimi mwalimu wangu wa ng'ambo alinifundisha zaidi. Neno hilo limetoka katika Kifaransa cha kale, na enzi za mabwana wa ardhi lilimaanisha kumkabidhi mtu shamba liwe mali yake. Baadaye ndipo likageuka kuwa kutwaa kwa nguvu. Hata injini ikikauka oili ikagoma, Waingereza hulitumia neno hilo hilo, na mabaharia wao hulitumia wanapofunga kamba mbili pamoja.

Haya yote nilimweleza bosi siku ile ile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa, bwana Stashahada, ukifika ufukweni utawakabidhi au utawanyang'anya?"

Nilikuwa bado katika kipindi cha majaribio, na mwenye kuamua kama nitathibitishwa au nitarudi Buhongwa kupalilia pamba alikuwa Afisa Uvuvi wa Mkoa. Sikuwahi kuonana naye. Nilisikia tu kwamba hawapendi waliosoma ng'ambo.

Asubuhi moja tuliambiwa kokoro linavutwa ng'ambo ya kisiwa. Bosi akasema nitangulie kwa boti, yeye atafuata na askari. Wavuvi waliponiona waliachia kamba wakatokomea kwenye mihogo. Wavu ulibaki majini, na ukizama hakuna ushahidi. Basi nikavua koti lenye kitambulisho nikaliacha botini, nikakunja suruali na kushika kamba.

Kokoro halivutwi na mtu mmoja. Kina mama wakaja na mabeseni yao, maana kule yeyote aliyegusa kamba hurudi nyumbani na kitoweo. Wakashika kamba, wakaanzisha wimbo. Punde hata wavuvi wenyewe wakarudi kutoka kwenye mihogo, wakavuta kama wapita njia. Nilijisikia kiongozi. Wavu ulipofika nchi kavu nikasimama juu ya samaki, mikono kiunoni, nikitangaza kuwa ni mali ya serikali.

Hapo ikaingia boti. Aliyeshuka na askari hakuwa bosi wangu, kumbe alikuwa Afisa wa Mkoa, aliyekuja kwa ukaguzi.

"Nani mwenye kokoro?"

Vidole vyote vikanielekea. "Huyu hapa!"

"Tulimwonya, mheshimiwa," alisema kijana aliyelowa mpaka kifuani. "Ni mbishi."

"Mimi ni afisa uvuvi! Kitambulisho kiko botini!" nikapiga kelele.

"Na mimi ni malaika. Mtieni pingu."

Nilijitetea kwa Kiingereza, nikaanzia kwenye Kifaransa cha kale. Akawageukia askari. "Safari hii tumepata mwizi msomi."

Pingu zilikuwa zinafunguliwa nivishwe pale Bibi Nyanjura, mama mmoja mnene, alipotua beseni lake kwa kishindo.

"Mwenye kokoro gani huyu? Tumevuta mpaka mikono imechubuka, na hata furu mmoja mdogo hajatugawia! Amewakalia samaki kama kuku anayeatamia. Mwenye kokoro akifanya hivyo, kesho nani atamvutia?"

Afisa wa Mkoa alikuwa mtoto wa ufukweni, kule Mara. Alinitazama, akaitazama ile mikono kiunoni, akaangua kicheko.

"Kweli, mama. Huyu ni serikali." Kisha akaniambia, "Gawa samaki, halafu kamata wavu."

Niligawa mpaka wa mwisho. Wale wavuvi, wakiwa na kitoweo mkononi, waliona haya, wakaubeba wavu wenyewe hadi botini. Nikathibitishwa kazini. Tangu hapo, kila kituo nilichopelekwa niligawa kwanza ndipo nikakamata, na sijui afisa mwingine wa enzi zangu ambaye hakuwahi kurushiwa jiwe. Nasema hivyo bila kujisifu.

Nilipostaafu, ofisi ilinipa hotuba na saa ya ukutani. Saa imesimama. Wiki hiyo hiyo, hapa kwangu Buswelu, kililetwa kikapu cha sato wakavu kutoka Nansio, na aliyekileta aliagizwa na Bibi Nyanjura hivi: "Mpe mwenye kokoro kitoweo chake. Siku ile na yeye alivuta, akasahau kujigawia."