Kucha ya Baba Kilio

Gumba la mkono wa kulia la Baba Kilio lilikuwa halitamaniki. Kiungo kilivimba kama kitunguu, ncha ikakonda, na ukilitazama vizuri lilipinda upande. Kazi ya kushona makochi ndiyo iliyoliharibu. Miaka nenda miaka rudi alisukuma sindano nene kwenye ngozi kwa gumba hilohilo, kisha mwisho wa wiki akaliomba limpigie gitaa. Lilivumilia weee, mwisho likagoma.

Na gitaa lake si lile la kuning'iniza kifuani. Ni gitaa la chuma: unalilaza mapajani, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unazidonoa. Ukizidonoa kwa kidole kitupu, sauti inatoka imelala. Lazima uvae kwenye gumba kipete cha plastiki chenye ulimi. Wapigaji wanakiita kucha. Gitaa la namna hii halisemi, linalia, na yeye alililiza mpaka maharusi wakaharibu wanja. Ndipo akaitwa Baba Kilio, hata na wanawe mwenyewe.

Bila gitaa hilo alikuwa nani? Fundi makochi, basi, tena anayesifika kwa kuchelewesha kazi za watu. Lakini Jumapili alasiri, ukumbini, ndani ya shati la bendi, alikuwa mtu. Alijua kwamba siku gumba likishindwa kabisa atabaki na makochi tu, na jambo hilo lilimtisha kuliko kufa.

Kwa hiyo akahangaika na kucha. Jamani, alihangaika! Za dukani zikimtosha kiungoni zilipwaya nchani. Zikimkaa nchani zilimkata. Alizichemsha ili zilainike, akazitanua kwa koleo, zikapoa zikarudi vilevile. Akazizungushia plasta, jasho likaibandua. Akachonga moja kwenye kitana cha mkewe, akagombezwa bure. Na kuna ile iliyoruka katikati ya wimbo ikatua kwenye glasi ya mama wa bwana harusi. Mama wa watu akaitoa kwa kijiko, akaiangalia, akamwangalia mpiga gitaa. Wimbo ulibaki mtupu, hauna pa kushika, na Baba Kilio alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kiongozi wa bendi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Mtu mwingine angemfukuza siku ileile. Yeye wala. Akamnunulia spika ndogo ya kuweka miguuni ili asikie vizuri gitaa lake mwenyewe, na tangu hapo hata akikosea namna gani, shemeji alimpigapiga begani.

"Usijisumbue, shemeji. Watu hawakusikia kitu."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu vile. Wameridhika."

Mkewe naye alikuwa akija, anakaa meza ya mbele, anapiga makofi mpaka bangili zinalia. Baba Kilio akafarijika. Akajiambia, kumbe bado nimo, kumbe ni maumivu tu. Nikipata kucha isiyouma nitawaonyesha.

Aliyeipata ile kucha hasa ni fundi wa meno ya bandia, jirani ya kibanda chake cha makochi.

"Mzee, watu huniletea fizi, wewe unaniletea dole!" fundi akacheka, lakini akalichovya gumba kwenye ule udongo wake wa kuchukulia alama za midomo.

Ya kwanza iliharibika, na kosa lilikuwa lao wote wawili. Walichukua alama asubuhi, na asubuhi ndipo gumba la Baba Kilio linapovimba kuliko wakati wowote. Kufika alasiri lilikuwa limenywea, kucha inazunguka ovyo. Fundi akamfukuza kwa utani: nenda, rudi saa zile unazopiga, na kabla ya kuja lichezeshe hilo dole kama unavyolichezesha kazini. Akafanya hivyo. Ya pili ikaingia, ikafuata kila tuta na kila bonde, ikatulia. Alipiga nyuzi hewani, akatikisa mkono, akaufyatua kwa nguvu. Haikwenda popote. Haikuuma. Mzee mzima akatokwa na machozi mbele ya meno ya watu.

Kasoro ni rangi, maana ilitengenezwa kwa ile plastiki ya fizi, ya waridi. Mkewe alipoiona alikaa chini kwa kicheko. "Baba watoto! Unakwenda kupiga gitaa kwa ufizi!" Halafu kicheko kikamwishia ghafla, akasema, "Kwani lazima? Si upumzike tu sasa?" Baba Kilio akaona huo ni uchuro, akatoka bila kumjibu.

Jumapili ile alipiga. Alipiga kama hajapiga tangu ujana. Zamu yake ilipofika aliinama, akaziliza nyuzi moja baada ya nyingine, gumba limetulia, kila sauti inakwenda anapoituma. Alipomaliza aliinua uso kuwatazama watu. Walikuwa wanakula. Hakuna aliyegeuka. Mpiga besi, rafiki yake wa siku zote, alitazama pembeni.

Wakati wa mapumziko akamfuata fundi mitambo ya sauti, kijana mgeni aliyeanza kazi wiki ile.

"Mwanangu, mbona hunipandishi sauti?"

Kijana akatazama vitufe vyake, akashangaa. "Mzee, wewe laini yako imefungwa. Nimeikuta hivyo, na kiongozi kaniambia haifunguliwi. Sauti ya gitaa la chuma inatoka kwenye kinanda. Kwani hujui?"

Hakujua. Alikuwa akipigia miguu yake mwenyewe.

Shemeji alimkuta nyuma ya ukumbi, hakukana. "Dada alinijia analia, siku ile ya glasi. Akaniambia nikikutoa utakufa. Ningefanyaje, shemeji?"

"Mngeniambia! Mmenivika kilemba cha ukoka, mtu mzima mimi!" Akainua gumba. "Haya, yamepita. Limepona hili. Nifungulie leo. Wimbo mmoja tu."

Shemeji akalitazama lile dude la waridi, akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Watu wameshaizoea ile ya kinanda," akasema.

Baba Kilio hakurudi jukwaani. Alikwenda nyumbani kwa miguu, gitaa begani. Mkewe, ambaye siku hiyo hakwenda ukumbini, alikuwa mlangoni anachambua mchele. Alipomwona saa zile akajua, ungo ukamlemea.

"Ulikuwa unajua ni kinanda," akasema Baba Kilio.

"Nilijua."

"Siku zote?"

"Siku zote, baba watoto."

"Na yale makofi? Ulikuwa unampigia nani makofi?"

Mkewe aliweka ungo chini. "Ulikuwa unanitazama," akasema. "Kila ukimaliza, ulikuwa unanitazama."

Akamsogezea kiti akae. Baba Kilio akampita, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe, alimchukia.