Chuya Moja, Jema Moja

Nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, mimi nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, saa ya magharibi ilikuwa na sheria zake. Hufagii. Hukai kizingitini. Na zaidi ya yote hutamki neno baya, kwa sababu bibi yangu mzaa baba aliamini kwamba saa ile malaika hupita juu ya mapaa wakiitikia "amina" kila wanalolisikia, liwe dua au liwe upuuzi. "Wao hawachagui," alikuwa akisema. "Kazi yao kuitikia tu." Ukisema njaa itaniua, amina. Ukisema mtoto huyu hana akili, amina. Kwa hiyo adhana ikikaribia, hata wanawake wa mtaani waliokuwa wakigombana tangu alasiri walinyamaza, halafu baada ya sala ugomvi ukaendelea pale ulipoachwa.

Siku hizi asubuhi nikifungua redio namsikia kijana mmoja akitufundisha kuwaza mema, kuvuta pumzi taratibu, kuweka akili yote kwenye jambo unalolifanya. Anasema ni elimu mpya. Nacheka peke yangu jikoni. Mimi elimu hiyo nilifundishwa kwa ungo wa mchele, tena kwa machozi, mwaka ule Mishi alipoondoka.

Mishi alikuwa mke wa pili wa baba yangu. Mama aliyenizaa alifariki kwa homa nilipokuwa na miaka saba. Baada ya mwaka na kitu, baba, aliyekuwa akipima marobota kwenye ghala la katani karibu na bandari, akaenda Pangani akarudi na msichana mrefu, mpole, asiyejua aweke wapi mikono yake. Bibi aliniambia nimwite mama. Nikamwita "wewe". "Wewe, baba anataka maji." "Wewe, bibi anakuita." Baba alinikanya mpaka akachoka.

Basi masika yalipokwisha na jua kutoka, Mishi akafungua sanduku la marehemu mama. Lilikuwa chumbani kwangu, na ndani yake mlikuwa na nguo zake, na juu ya nguo doti moja ya kanga. Kanga zile nilikuwa nikizitoa kwa siri nikajifunika uso, nikamnusa mama. Zilinuka udi, mafuta ya nazi, na kitu kingine kizitokizito ambacho sikukijua jina. Mchana huo nilirudi kutoka chuo cha Kurani, juzuu kwapani, nikazikuta zimeanikwa uani zinachuruzika maji. Zilinuka sabuni ya mche.

Sikulia. Ningelia ingekuwa afadhali. Nilikaa na hasira yangu mpaka jua likawa linazama, Mishi akaja uani kuanua nguo. Nikasimama mbele yake nikamwambia: "Nenda kwenu Pangani, usirudi tena! Ukafie huko huko!"

Na pale pale, kutoka msikitini, adhana ikaanza.

Mwiko ukamponyoka bibi, aliyekuwa mlangoni mwa jiko. "Astaghfirullah! We mtoto una wazimu? Tema mate! Tema mate chini, useme sikusema!"

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya nyumbani kwetu. Neno likikuponyoka, unatema mate chini, unasema "sikusema", naye aliyesikia anakujibu "nami sikusikia". Hapo neno limefutika, haliendi popote. Nilikwisha kuifanya mara nyingi kwa makosa madogo madogo. Mishi alisimama na nguo mikononi, akinitazama, midomo imekaa tayari kunijibu. Bibi akanishika bega akanitikisa. Nikabana meno. Mate yangu sikuyatoa.

Asubuhi yake Mishi akafunga furushi lake. Alimwambia baba kwamba mama yake anaumwa, anakwenda kumtazama siku tatu. Akapanda gari la Pangani pale sokoni. Hakuniaga, na mimi sikutoka chumbani.

Siku tatu zikapita, ikaisha wiki. Baba alikuwa akirudi kazini anakaa uani, miguu kaikunja, haulizi hata chakula. Mimi mwanzoni nilifurahi, niseme kweli. Nilijitanua ndani ya nyumba, nikafungua sanduku na kulifunga nitakavyo, ingawa sikuwa tena na la kunusa. Lakini siku ya kumi, mchana, nimejilaza mkekani wanadhani nimesinzia, nikawasikia baba na bibi wananong'onezana.

"Nimepeleka salamu mara mbili," baba alisema. "Hapana jibu."

"Huenda asirudi tena, mwanangu," bibi akamwambia. "Jitayarishe."

Mimi sikuhitaji kuelezwa zaidi. Malaika walikwisha itikia. Nilimwona Mishi kalazwa, kafunikwa shuka nyeupe, na wanawake wa Pangani wamemzunguka, na aliyemuua ni mimi hapa nilipo, mtoto wa chuoni, niliyehifadhi juzuu nzima.

Nikamfuata bibi jikoni. "Bibi, nikitema mate sasa?"

"Sasa? Mate ya nini sasa? Neno lina siku kumi, limekwisha fika lilikokwenda."

Nikaangua kilio. Bibi yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliniacha nilie huku akitafuna tambuu yake, kisha akanisukumia ungo wa mchele. "Haya, nyamaza, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita siku zote, maana kwa utani wetu wa pwani mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake. "Malaika hawaitikii ubaya peke yake. Chagua mchele. Kila chuya utakayoitoa, mtajie Mishi jema moja. La kweli, usinitungie. Na mimi nitaitikia."

Mchele wa siku hizo ulikuja na chuya zake, zile punje zilizokataa kukobolewa, na vijiwe juu yake. Chuya ya kwanza niliishika mkononi mpaka ikapata joto.

"Anajua kupika mkate wa kumimina."

"Amina. Lakini hilo la tumbo lako. Lete jingine."

"Hapigi kelele."

"Hata kuku akilala hapigi kelele. Jingine!"

Nikainua macho kutazama mlangoni, labda Mungu angeniletea mgeni wa kuniokoa. Bibi akanipiga kofi dogo la goti. "Macho kwenye mchele! Unamtaja mtu huku unatazama kwengine, utamwona saa ngapi?"

"Yuko Pangani, bibi. Nitamwonaje?"

"Ndiyo maana nakwambia utulie."

Sikumwelewa, lakini nilitulia. Nikawa natazama punje moja moja, na jikoni hapana sauti ila mchele unaoteleza kwenye ungo. Hapo Mishi akaanza kunijia. Akinichana nywele, hushika kwanza shina la nywele kwa vidole ili kitana kisinivute. Amina. Nilipovunja kikombe cha baba, aliokota vipande akamwambia baba ni yeye. Amina, na kumbe ni wewe, mwizi mkubwa! Uji wangu huupepea mpaka upoe, hata akiwa na kazi nyingine. Amina.

Na hili nililisema polepole, kwa kuwa nilikuwa nalijua nami sijui kama nalijua. Kabla hajaingia chumbani kwangu, Mishi hukohoa mlangoni. Hukohoa mara moja, akangoja, ndipo akaingia. Nyumba nzima ni yake, mlango wenyewe ni pazia tu, na kifua hakimuumi. Mikono yangu ikasita kwenye ungo. Alijua. Siku zote alijua kwamba naingia mle kulia na kanga za mama, na kikohozi kile kilikuwa cha kunipa nafasi nifute uso.

"Amina," akasema bibi.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila siku baada ya chuo. Na kila asubuhi bibi, ambaye magoti yalimsumbua hata kusujudu ilikuwa vita, alijifunga kanga akaenda sokoni. "Nakwenda kununua tambuu," alisema. Mwanamke wa tambuu alikuwa akipita mlangoni petu kila siku ya Mungu. Sikuuliza, nilikuwa na yangu yaliyonishinda.

Siku ya tano nilibakiwa na chuya moja mkononi na jema moja ambalo halikutaka kutoka. Niliweka ungo chini nikaenda kwenye sanduku, nikatoa nguo zilizobaki mle, mpaka za chini ambazo sikuwahi kuzigusa. Gauni la mama la kijani lilikuwa na madoa meusi kwapani mpaka kifuani. Nilipoushika mkono wa gauni, kitambaa kikaniachia vidoleni, na ile harufu nzitonzito niliyokuwa nimeikosa siku zote hizo ikanipanda puani. Ukungu. Nilikuwa nimenusa ukungu, nikaulilia nikidhani ni mama.

Nikarudi jikoni. "Zile kanga zilikuwa zinaoza," nikamwambia bibi. "Mishi alizifua ili nibaki nazo."

Bibi hakusema amina. Alijipangusa macho kwa ncha ya kanga akalaumu moshi, na moto wenyewe alikuwa bado hajauwasha.

Siku mbili baadaye, baada ya alasiri, bibi yuko kwa jirani, nimekaa peke yangu na ungo mapajani. Nikasikia kikohozi mlangoni. Kimoja tu. Kisha kimya, mtu anangoja.

Nilisimama na ungo, mchele wote ukamwagika. Alikuwa pale na furushi lake kichwani, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, mzima wa afya.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Alitua furushi, akalishikilia kama linataka kukimbia. "Marahaba, mwanangu," alisema mwishowe. "Mbona mchele wote chini?" Tukapiga magoti tukauokota pamoja.

Bibi alifariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu. Mama Mishi akanizalia wadogo watatu, akanioza, akanipokea mara mbili nilipotaka kuikimbia ndoa na mara mbili akanirudisha. Baba alipotangulia naye, nikamchukua mama kwangu Makorora. Lile neno langu hatukulizungumza hata siku moja. Zaidi ya miaka hamsini nililibeba, na kila akiugua hata mafua mimi huiona tena ile shuka nyeupe.

Jioni moja, yeye ameshakuwa wa kitandani, mimi mwenyewe nina mvi kichwa kizima, nikakaa pembeni yake na ungo. Mchele wa dukani siku hizi hauna chuya, lakini mimi huutandaza tu. Nikamwambia yote: malaika, sanda niliyomvika kichwani mwangu, mema niliyoyataja mpaka yakamrudisha.

Mama akacheka mpaka nikamwinua akae. "Malaika! Mama yangu siku ile hakuwa anaumwa, alikuwa anatwanga mpunga. Niliondoka niende zangu. Nilisema sikai kulea mtoto anayeniombea kifo. Baba yako akileta salamu, sijibu."

"Ukarudishwa na nini?"

"Na dereva wa gari la Pangani. Kila akifika, huja mlangoni kwetu, kofia mkononi. 'Bibi wa Ngamiani anakusalimu. Anasema mtoto jana amesema ukimchana nywele humuumizi.' Basi, anageuka anakwenda zake. Siku ya kwanza nilimsonya. Siku ya pili nikajikuta nimekaa barazani nangoja gari. Siku aliyoniletea habari za kanga, nikamwambia aniwekee nafasi ya kesho."

Nilibaki na mikono ndani ya mchele. Kumbe ndiyo tambuu aliyokuwa akiifuata bibi sokoni, na magoti yale! Na mimi niliyekaa jikoni nikidhani mema yangu yanakwenda mbinguni. Ningeweza kusema bibi alinidanganya, lakini sisemi hivyo. Namjua bibi yangu. Aliwaamini malaika na aliliamini gari la Pangani, na hakuona sababu ya kuchagua. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba mema yale yalikuwa ya kweli kabla sijayataja, na nisingekalishwa chini nikatulizwa, nisingeyaona, na Mishi angeondoka duniani akidhani katika nyumba ile hakuna aliyeyaona.

"Unisamehe, mama," nikasema.

"Kukusamehe nilikusamehe siku ile ya kurudi, njiani, kabla gari halijafika Tongoni." Nje watoto walikuwa wanaitwa waingie ndani, jua linazama. "Lakini lile neno lako hukulitemea mate. Nilisimama pale na nguo za watu mikononi, nakungoja. Mpaka leo nangoja."

Nikaweka ungo pembeni. Magoti yangu sasa ni yale yale ya bibi. Nilijivuta ukuta kwa ukuta mpaka uani, pale anapoanika nguo mjukuu wangu. Nikainama, nikatema mate chini.

"Sikusema," nikasema, kwa sauti ya kusikika.

Adhana haijaanza bado, mama akanijibu kutoka ndani: "Nami sikusikia, mwanangu."